Batiki na msamiati wa kutia rangi nguo nyumbani

batiki nm [i-/zi-] 1 kitambaa kilichopambwa kwa kuzuia rangi isipenye sehemu fulani, hasa kwa kutumia nta au mshumaa. 2 (hasa Tanzania) kitambaa chochote kilichotiwa rangi kwa mkono baada ya kufungwa, kukunjwa, kushonwa au kupakwa nta. 3 ufundi wa kutengeneza vitambaa hivyo: *anajifunza batiki*.

Maana ya pili ndiyo inayomchanganya mfasiri. Aliyelijua neno hili kupitia vitabu vya sanaa hutarajia nta. Aliyelijua katika kikundi cha akina mama wa Dodoma au Singida hutarajia uzi, mafundo na ndoo ya rangi. Wote wawili wako sahihi, ila hawazungumzii kazi moja. Makala haya yanafuata msamiati wa kazi hiyo kama unavyohitajika Kanda ya Kati ya Tanzania, ambako jua, vumbi na maji ya visima huyapa baadhi ya maneno uzito usiojitokeza sana pwani. Tofauti nyingi zinazojadiliwa hapa ni za ufasaha tu. Chache ni za usalama: neno likikosewa, kitambaa huharibika au mkono huungua.

Asili na upana wa neno

Batiki limetoka katika Kijava, lugha ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, likatufikia kupitia lugha za Ulaya. Kwao lina maana finyu: nta ya moto huchorwa juu ya kitambaa, kitambaa hutiwa rangi, kisha nta huondolewa na michoro hubaki mahali palipokingwa. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kufunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukichovya ni ufundi mwingine, na kila jamii iliyoukuza imeupa jina lake: Wayoruba wa Nigeria huuita adire, Wagujarati huuita bandhani, Wajapani huuita shibori. Majina ya Kiyoruba na ya Kigujarati yote mawili yamejengwa juu ya kitenzi chenye maana ya kufunga.

Kiswahili kingeweza kufanya vivyo hivyo, lakini hakikufanya. Ufundi ulipoenea Tanzania kupitia mafunzo ya ujasiriamali na viwanda vidogo, uliingia pamoja na ule wa nta chini ya jina moja. Ndiyo maana katika maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, bango la kikundi huandikwa *Tunatengeneza batiki* hata kama mezani hakuna kitambaa hata kimoja kilichoguswa na nta. Kulisahihisha bango hilo ni kupoteza muda. Matumizi yamekwisha kukubalika, na mfasiri anapaswa kuyafuata.

Tofauti inapohitajika, wenye kazi huionesha kwa kiunganishi: batiki ya kufunga kwa upande mmoja, batiki ya mshumaa au batiki ya nta kwa upande wa pili. Haya ndiyo mapendekezo bora kwa tafsiri. Umbo *tai-dai*, linalosikika Kenya na Tanzania, linaeleweka katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi halimsaidii msomaji asiyejua Kiingereza, kwa kuwa haliambii jicho lake lolote kuhusu kufunga wala kutia rangi. *Nguo za kufunga na kutia rangi* ni maelezo mazuri ya mara ya kwanza. Yakirudiwa katika kila aya huchosha.

Kuhusu nta na mshumaa, neno nta kwa asili ni zao la nyuki, na Kanda ya Kati ni nchi ya nyuki: asali na nta za Manyoni, Itigi na Kondoa zinajulikana. Hata hivyo mafundi wengi huyeyusha mishumaa ya dukani, ambayo ni nta ya parafini inayotokana na mafuta ya petroli, au huchanganya vyote viwili. Mshumaa hupasuka kitambaa kikikunjwa na kuacha mistari myembamba kama nyufa za udongo mkavu. Nta ya nyuki hunyumbulika na kukinga vizuri zaidi. Kwa hiyo maelekezo yanayosema *nta* tu hayajamwambia msomaji anunue nini.

Usichanganye batiki na kitenge. Vina undugu wa mbali, maana kitenge cha waksi kilianza kama jitihada ya viwanda vya Uholanzi ya karne ya 19 kuiga batiki ya Java kwa mashine. Lakini kitenge hupigwa chapa kiwandani na mapambo yake hujirudia kwa kipimo kilekile, ilhali vipande viwili vya batiki ya kufunga havifanani kamwe, hata vikifungwa na mkono mmoja asubuhi moja.

Maneno ya kitambaa yaliyopita Ugogo

Kabla ya batiki, eneo hili lilikwisha kuwa na msamiati mpana wa nguo. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wa huko walitoza kila msafara hongo ndipo wauruhusu kupita na kuchota maji. Mvumi, kijiji kisicho mbali na Dodoma ya leo, ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa na wasafiri. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote waliandika kwa uchungu idadi ya vitambaa walivyotozwa. Hongo siku hizi ni rushwa. Wakati huo ilikuwa ushuru unaojulikana, na ulilipwa kwa nguo.

Nguo hizo zilikuwa hasa mbili. Merikani (pia *amerikani*, *marikani*) ilikuwa pamba isiyotiwa rangi, yenye weupe wa maziwa, iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Kaniki bado ni neno hai kwa kitambaa cheusi cha bei nafuu, ingawa nili imekwisha kuondoka ndani yake. Nili lenyewe limebaki likimaanisha rangi ya buluu nzito, na pia unga wa buluu wa kung'arishia nguo nyeupe.

Vipimo navyo vimehama. Shuka ilikuwa kipande cha mikono minne, yaani takribani yadi mbili, na doti ilikuwa shuka mbili. Leo doti ni jozi ya kanga, na hutumiwa pia kwa vitenge na batiki. Mfasiri asiligeuze kuwa mita kabla ya kuuliza urefu. Shuka limegawanyika zaidi: ni kitambaa cha kutandika kitandani, na ni vazi la kujitanda. Sentensi *alitia rangi shuka zake* inahitaji muktadha, hasa Dodoma, ambako maana zote mbili zinaishi mtaa mmoja.

Kutia, kupaka, kuchovya, kuloweka

Kosa linaloonekana mara nyingi katika tafsiri za maelekezo ni kutumia *paka rangi* kwa kitambaa. Kupaka ni kuweka juu: ukuta hupakwa rangi, kucha hupakwa rangi, mkate hupakwa siagi. Rangi ya kitambaa huingia ndani ya nyuzi, kwa hiyo kitenzi chake ni kutia: *kitambaa kimetiwa rangi*, *nguo zilizotiwa rangi*, *utiaji rangi*. Katika batiki ya mshumaa vitenzi vyote viwili vina nafasi, na ndipo uzuri wa tofauti hiyo unapoonekana: kitambaa *hupakwa* nta, kisha *hutiwa* rangi. Tofauti hiyo inagusa pia jina la mtendaji. *Fundi rangi* ni mpaka rangi wa nyumba au wa magari. Anayetia rangi vitambaa aitwe *fundi wa batiki* au *mtengeneza batiki*.

Kuchovya ni kuzamisha na kutoa. Kuloweka ni kuzamisha na kuacha. Maelekezo yakisema *chovya kwa nusu saa*, fundi makini atasita, maana kuchovya hakuchukui nusu saa. Afadhali *loweka kwa nusu saa*, au *chovya mara tatu*, kadiri kazi inavyotaka. Kukamua ni kubana maji yatoke, kusuuza ni kupitisha katika maji safi bila sabuni, kuanika ni kutandaza kikauke, na kuanua ni kukiondoa kilipoanikwa. Kitenzi cha mwisho husahauliwa sana na wafasiri, ambao huandika *toa nguo kwenye kamba*, maneno manne mahali ambapo *anua nguo* yangetosha.

Kwa upande wa kufunga, fundo (mafundo) ni pale uzi unapokaza. Vijiwe, punje za mahindi au maharage hufungiwa ndani ili kutoa duara ndogo. Kitambaa kikikunjwa kwanza kama feni na kufungwa hatua kwa hatua hutoa mistari. Kikisokotwa kutoka katikati hutoa mzunguko unaopanuka. Sehemu iliyobaki bila rangi huitwa kwa jina la umbo lake (duara, mstari, baka) au *weupe* tu. Neno doa liepukwe hapa: doa ni kasoro, na mnunuzi akiambiwa kitambaa kina madoa atataka apunguziwe bei.

Magadi, soda, kostiki

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko mahali pengine pote.

Magadi [ya-] ni chumvi ya asili inayookotwa kandokando ya maziwa ya chumvi na mabonde makavu, mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Kampuni ya Magadi Soda ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1911, ilipata jina lake katika ziwa lililopewa jina hilohilo. Jikoni magadi hulainisha maharage na mboga ngumu. Magadi soda ya dukani ni unga mweupe wa kaboneti ya sodiamu, mkali kuliko magadi ya mawe, unaotumiwa na watengeneza sabuni na watia rangi. Kostiki soda, au *kostiki* tu, ni haidroksaidi ya sodiamu, kitu kingine kabisa: hula ngozi, hupofusha jicho, na hupata joto kali inapokutana na maji. Soda ya nne ni baikaboneti ya kuumulia maandazi, na ya tano hunywewa kwa chupa. Kwa hiyo *ongeza vijiko viwili vya soda* ni sentensi isiyopaswa kuandikwa na mtu yeyote.

Zinachanganywaje? Kwa sababu kuna aina mbili kuu za rangi za pamba, na kila moja ina mwenzake. Rangi zinazoungana na pamba katika maji ya kawaida huhitaji alkali ya wastani, nayo ni magadi soda, pamoja na chumvi ya mezani. Rangi zisizoyeyuka katika maji, ambazo zimefundishwa kwa miaka mingi katika vikundi vya batiki vya Tanzania, huhitaji kostiki pamoja na haidrosalfaiti ya sodiamu. Viwili hivyo huifanya rangi iyeyuke na kupoteza sura yake kwa muda, nayo hurudi katika sura yake kamili kitambaa kinapokutana na hewa. Mwanafunzi anayeona kitambaa chake kikitoka ndooni na rangi asiyoitarajia, kisha kikageuka mbele ya macho yake, hajakosea. Mtafsiri aliyemwambia atumie magadi mahali pa kostiki amemharibia kitambaa. Aliyemwambia kinyume chake amemhatarisha mikono.

Kitenzi kuchanganya nacho kina mtego. *Changanya kostiki na maji* ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini haisemi kipi kinatangulia. Kipimo cha kostiki hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi yaliyokwisha kuwa chomboni. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, mchanganyiko huweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Kiswahili kina namna rahisi ya kulisema hilo bila utata: *tia kostiki ndani ya maji, usimimine maji juu ya kostiki*. Katika matini ya aina hii, kurudia si udhaifu wa mtindo. Vilevile *vaa glavu* iandikwe kabla ya hatua inayozihitaji, maana wasomaji wengi hufanya kazi huku wakisoma.

Sufuria

Neno hili la jikoni lina asili ya Kiarabu inayohusiana na shaba, lakini sufuria ya leo katika nyumba nyingi za Tanzania ni ya alumini. Kostiki hula alumini. Hutokea povu, joto na gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa urahisi, na chombo huweza kutoboka. Maelekezo ya lugha nyingine husema chungu au chombo cha kupikia pasipo kutaja madini yake, kwa kudhani chuma cha pua. Mfasiri akiandika *sufuria*, amemtuma msomaji kwenye chombo kisichofaa hata kimoja. Pa kuyeyushia kostiki paandikwe *ndoo ya plastiki* au *beseni la plastiki*. Sufuria inaweza kubaki kwa kuchemshia maji peke yake, na chombo kilichoguswa na rangi kisirudi kwenye chakula.

Maji ya chumvi

Pwani maneno haya huleta bahari akilini. Dodoma humaanisha maji ya kisima yenye ladha ya chumvi na yanayokataa kutoa povu la sabuni, yale ambayo vitabu vya kemia vya shule huyaita *maji magumu*. Eneo hili hupata mvua chache, takribani milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Jiji lenyewe limetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya Makutupora, na vijiji vingi vina visima vyao, vingine vikiwa vya chumvi kiasi cha watu kuyaacha maji hayo kwa kufulia tu.

Sasa chukua maelekezo ya rangi yanayosema *loweka kitambaa katika maji ya chumvi*. Mwandishi alikusudia maji safi yaliyotiwa chumvi ya mezani, ambayo huisukuma rangi iende kwenye pamba. Msomaji wa Dodoma ana haki ya kuelewa maji ya kisima cha jirani. Vitu viwili hivi hufanya kazi kinyume: madini ya maji magumu hushikana na rangi na kuacha mabaka na rangi hafifu. Iandikwe *maji yaliyotiwa chumvi*, na inapobidi iongezwe *tumia maji ya mvua au maji laini*. Kuongeza kirai kimoja ni nafuu kuliko dumu la lita 20 lililobebwa kilomita mbili kisha likamwagwa.

Kukolea, kuchuja, kupauka, kufifia

Rangi iliyoingia vizuri imekolea, kama chai iliyokolea majani au mchuzi uliokolea chumvi. Imeshika husisitiza kwamba haitatoka. Kinyume chake kina maneno matatu, na kila moja lina sababu yake.

Kuchuja (pia *kuchujuka*) ni kupoteza rangi kwa maji. Ni neno la sokoni: muuzaji wa Majengo au Sabasaba husifu kitambaa kwa neno moja, *haichuji*, na hakuna istilahi ndefu inayoweza kulishinda kwa kueleza rangi isiyotoka kwa kufuliwa. Kupauka ni kupoteza rangi kwa jua, vumbi na ukavu, na hutumika vilevile kwa ngozi isiyopakwa mafuta wakati wa upepo wa kiangazi. Kufifia ni kupungua nguvu pasipo kutaja kisababishi. Taa hufifia, sauti hufifia. Kwa hiyo *pazia limechuja kwa sababu ya jua* ni sentensi yenye ukakasi. Pazia la dirisha linalotazama magharibi Dodoma hupauka, na ndiyo sababu batiki mpya huanikwa kivulini.

Imani kwamba kuloweka nguo katika siki na chumvi huzuia isichuje imetafsiriwa mara nyingi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Siki husaidia rangi fulani za sufu na hariri; pamba haipati faida hiyo. Kinachosaidia pamba ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe, kazi ambayo mahali pa maji haba watu hushawishika kuifupisha. Kitambaa chenye nyuzi za kiwandani, kama tetroni, hakitakolea hata kikisuuzwa vipi, kwa kuwa rangi hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Uzi mmoja ukichomwa hutoa jibu: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, wa tetroni huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Kipimo hiki kinafaa sana kwa fulana za mitumba, ambazo kibandiko chake cha shingoni mara nyingi kimekwisha kukatwa.

Kuchuja kuna maana ya kitamathali inayostahili kusajiliwa. Mwanamuziki aliyeshuka umaarufu *amechuja*. Mzaha uliorudiwa mno *umechuja*. Kupauka hakujafuata njia hiyo kikamilifu: mtu *aliyepauka* ni mwenye sura ya dhiki au asiyejitunza, na jina lake linaweza kuwa bado liko juu.